Lori la mchanga halikuniokoa: nyasi zinazotuamisha maji

Huku Nyamasaria, Kisumu, udongo mweusi haufichi tabia yake. Wakati wa kiangazi unapasuka hadi ufa unameza kidole. Mvua za Machi zikianza unavimba, unajifunga, na maji yanakaa juu kama yametiwa kwenye sufuria.

Nyasi zangu zilipogeuka manjano karibu na veranda niliongeza mbolea. Zikazidi kufifia. Kumbe dalili nilikuwa nazikanyaga kila siku: ndago zimeshamiri, ardhi ina utelezi wa kijani, na siku tatu baada ya mvua kiatu bado kinalia chwaa. Nilipong'oa kipande, mizizi ilikuwa mifupi, myeusi, inanuka kama yai viza. Ilikosa hewa, si mbolea.

Fundi mmoja akanishauri nimwage mchanga. Nikanunua lori zima! Usirudie kosa langu: mchanga kidogo ukichanganyika na udongo wa mfinyanzi kama huu mweusi hushikana kama tofali.

Anza na shimo. Chimba sentimita 30, lijaze maji, yakiisha ulijaze tena, kisha usimamishe rula ndani. Yakishuka sentimita 2.5 au zaidi kwa saa, udongo wako hauna neno. Langu nililijaza jioni. Asubuhi maji yalikuwa bado nusu.

Halafu simama nje mvua ikinyesha, na mwavuli wako, uone maji yanatoka wapi. Yangu yalitoka juu. Paa la mita za mraba 80 likipata mvua ya milimita 30 linamwaga lita 2,400, na zote zilishukia bomba moja pale pale penye manjano. Nikaweka tangi, na linapofurika maji yanapelekwa mbali kwa bomba.

Kamba na pima maji vikaonyesha aibu nyingine: uwanja uliinamia nyumba. Tukauchonga ushuke sentimita 2 kila mita kutoka ukutani. Chini kabisa tukachimba mtaro wa nusu mita, tukatandika kitambaa cha kuchuja, bomba lenye matundu na kokoto, maji yaishie kwenye nduma zangu. Yasiishie kwa jirani, tafadhali. Hiyo kesi hutaiweza.

Sasa kila mwaka, udongo ukiwa na unyevu bila kunata, nauchoma kwa uma wa bustani na kutandaza mboji. Nyasi zimerudi. Ndago bado nang'oa, maana ukiacha kijitunguu kimoja ardhini, zinaanza upya.