Mahindi yametoa mzizi kisha yakafia ardhini: usikimbilie kusema mbegu feki

Mkuu, umesema ulipanda mahindi ya vuli Mkuranga baada ya mvua ya kwanza, jua likawaka siku tisa, ukafukua ukakuta punje zimetoa vimizizi vilivyosinyaa kama uzi. Sasa unataka kumshitaki aliyekuuzia. Subiri kwanza. Mimi nakaa Mbagala, nalima wikiendi huko Kisarawe, na msimu mmoja yalinikuta hayo hayo. Nilimvaa muuza pembejeo mbele ya wateja wake. Yule bwana akanisikiliza tu, kisha akauliza, "Zilitoa mizizi?" Nikasema ndiyo. "Basi zilikuwa hai." Nikaondoka nimenuna.

Nilipopoa nikachukua punje za mfuko uleule, nikaweka sahani tatu jikoni. Za kwanza nililoweka usiku mmoja, nikazianika kivulini mpaka zikakauka kabisa. Za pili niliziacha kwenye kitambaa kibichi hadi vimizizi vikafika urefu wa ukucha, ndipo nikazianika vilevile. Za tatu sikuzikausha. Kisha zote nikazirudishia maji. Za kwanza ziliota kana kwamba hakuna kilichotokea, tena zikachomoza haraka. Za pili nyingi zilianza kunuka. Chache zilitoa vimizizi vingine ubavuni, lakini ule mzizi mkuu haukurudi hata kwa punje moja.

Mpwa wangu alikuwa anasoma kilimo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Alinionyesha jambo hilo kwa macho. Unapasua punje katikati, unaiweka kwenye maji yenye tetrazoliamu, dawa isiyo na rangi ambayo ikiingia kwenye seli inayopumua inageuka nyekundu. Punje iliyokaushwa kabla mzizi haujatoboa ganda, kiini chake chote (yaani mmea mchanga uliomo ndani) kilikuwa chekundu. Iliyokaushwa baada ya kutoboa, chipukizi lilikuwa na wekundu wa kufifia, ila ncha ya mzizi nyeupe pe, kama chaki. Imekufa. Mzizi ndio hutangulia kufa, chipukizi huchelewa kidogo.

Sababu ni kwamba punje kavu ina kinga zake, sukari na protini zinazoshikilia seli zisiharibike zikikosa maji. Ikilowa, inafyonza haraka, inatulia kwa saa nyingi ikijikarabati ndani, halafu mzizi unatoboa na seli zinaanza kugawanyika. Mpaka hapo kinga zile zimeshaondoka. Jua likikamata punje kabla ya kutoboa, inalala tena. Likiikamata baada ya hapo, hairudi nyuma. Seli inayokauka inazalisha hidrojeni peroksaidi kuliko inavyoweza kuisafisha (kidogo chake huamsha mbegu, kikizidi ni sumu), utando unavuja, DNA inakatika vipande.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba nafaka haioti vizuri bila baadhi ya seli zake kufa. Seli za wanga zilishakufa tangu hindi likikomaa shambani. Kuzizunguka kuna tabaka jembamba lililo hai, aleuroni, ambalo ukikoboa sembe linaondoka na pumba. Kiini kikipata maji kinatoa homoni ya jibereli, aleuroni inapokea salamu, inamwaga amilasi ya kugeuza wanga kuwa sukari, na ikimaliza kazi inajiua kwa mpangilio. Kukiwa na ukame inatawala homoni nyingine, asidi ya absisiki, ambayo inaizuia. Kwenye shayiri, aleuroni ikipewa jibereli hufa ndani ya siku chache. Ikipewa absisiki hukaa hai kwa wiki. Kwa hiyo kwenye mchanga wako wa Mkuranga aleuroni iliyotakiwa kufanya kazi na kufa imegoma, sukari haifiki kwenye kiini, na ncha ya mzizi iliyotakiwa kuishi ndiyo inayokufa.

Shangazi yangu, mtengenezaji wa kimea cha ulezi, hajui hata jina moja kati ya hayo, lakini kazi yake yote ndiyo hiyo. Anaacha ulezi uote, vimizizi vikitokeza tu anaanika juani. Kiini kinakufa, amilasi inabaki, na uji ukitiwa kimea hicho unalainika. Vuli yako imekutengenezea kimea shamba zima, samahani kwa utani.

Mvua ya kwanza siku hizi siiamini. Nachimba kwa mkono. Kama unyevu haujapita urefu wa kiganja changu, sipandi. Mbegu isiyo na dawa naloweka usiku mmoja, asubuhi naikausha juujuu kivulini na kupanda siku hiyohiyo, bila kusubiri itoboe. Zile zenye dawa ya rangi usiziloweke, na usizishike bila glavu.

Kabla hujarudishia, fukua punje ishirini hivi sehemu tofauti. Bana chipukizi kwa kucha. Likiwa jeupe na gumu, mvua ikija karibuni linaweza kutoa mizizi ya ubavuni, usiling'oe. Likiwa la kahawia na linanyonyoka, rudishia, ila ngoja ardhi ilowe kwanza. Tuletee majibu hapa, na useme ulipanda kina gani.