Alizeti: mche mmoja kwa shimo, mengine tutaongea baadaye

Mkuu, weka hizo mbegu chini kwanza. Umeandika uko Tabata, shamba liko Kongwa, na umeambiwa upande alizeti futi mbili kwa futi moja, mbegu tatu kila shimo, usipunguzie hata mche mmoja kwa sababu "miche mingi ndiyo mafuta mengi". Maneno hayohayo niliambiwa na muuza pembejeo mmoja hapa mjini. Nadhani wanakaririshwa darasa moja.

Piga hesabu. Futi mbili kwa moja, ekari ina mashimo 21,780. Mara tatu, ni miche zaidi ya 65,000. Nafasi inayoshauriwa, sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, mche mmoja, inakupa karibu 18,000. Hiyo ya ziada inamfaidisha nani? Anayepima mbegu kwa kilo! Na mimi nilimlipa, nikamnunulia na soda.

Mvua za Kongwa unazijua, msimu mmoja tu, na zikiamua kukata zinakata. Miche ikibanana kama abiria wa daladala ya Mbagala jioni, inagombania mwanga, inarefuka, shina linabaki jembamba, upepo kidogo tu limelala. Maji ya ardhini yanaisha wakati maua ndiyo yanafunguka, na hapo ndipo mbegu inapotakiwa kujaza kiini.

Kilichonimaliza ni picha. Nalima kwa simu kama wewe, na kijana wa shamba alikuwa ananitumia picha za vichwa vikubwa, vya njano, naweka status, majirani wanaanza kuweka oda za mafuta. Kumbe anapiga mistari ya kando ya njia, ambako mche una nafasi upande mmoja! Nilipokwenda nikaingia katikati, vichwa vinaenea kwenye kiganja. Nikachomoa mbegu za katikati ya kichwa, nikabonyeza kwa kucha: ganda tupu. Magunia yalijaa vizuri tu, ila ukibeba unadhani umepata nguvu ghafla. Mashineni mashudu yalikuwa ya kutosha. Madumu ya mafuta sitaji idadi, mke wangu anasoma humu.

Na asije mtu kunitolea mfano wa ufuta wa Lindi. Ufuta ukipata nafasi unatoa matawi, unaziba pengo. Hizi alizeti za madukani ni shina moja, kichwa kimoja, haina pa kujitetea. Ndiyo maana kuachanisha sana nako ni hasara: kichwa kinakuwa kizito mno na magugu yanapata uwanja.

Tafuta kamba, funga fundo kila sentimita 30. Kama unahofia uotaji, weka mbegu mbili, lakini miche ikifikisha wiki mbili hivi, ardhi ikiwa na unyevu, ng'oa, bakiza mmoja wenye afya. Kijana wako atakwambia ni dhambi kung'oa mche mzima. Wote husema hivyo. Akutumie video ya kazi hiyo akiwa katikati ya shamba, kamba ikionekana imelala kwenye mstari. Picha za kando ya njia usipokee.

Na mbegu ulizouziwa, mfuko ambao hujaufungua urudishe leo. Risiti unayo?