Maswali na Majibu: Paa la kioo linavuja, tuling'oe lote?

Swali: Mhandisi, habari za kazi. Nasimamia jengo la maktaba ya umma lenye zaidi ya miaka 100. Ukumbi wake wa katikati umeezekwa kwa kioo chenye wavu wa waya ndani, juu ya fremu za chuma. Maji yanadondoka, mvua inyeshe isinyeshe. Kila mwaka fundi anapanda kuongeza silikoni. Sasa mkandarasi anashauri tung'oe kila kitu, tuweke fremu za alumini na vioo viwiliviwili vyenye nafasi ya hewa katikati. Tumfuate?

Jibu: Ndugu msimamizi, usitie saini bado. Kuna maneno matatu katika swali lako yanayonifanya nisite: mvua inyeshe isinyeshe. Maji yanayodondoka siku kavu mara nyingi ni jasho la kioo. Hewa ya ukumbini yenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 60 huanza kuacha unyevu wake kuwa maji inapogusa kitu chenye nyuzi 12 au pungufu, na kioo kimoja kisicho na kinga hufika hapo kwa urahisi usiku wa baridi. Mafundi wa zamani walilijua hilo. Ndiyo maana fremu nyingi za aina yenu zina vijifereji upande wa ndani vya kupokea jasho na kulitoa nje kupitia matundu madogo chini ya mteremko. Nina wasiwasi mkubwa kwamba katika kuziba nyufa, fundi wenu ameziba na matundu hayo.

Niliwahi kupanda paa la namna hiyo. Tulibandua matabaka manne ya silikoni na lami, kila moja na rangi yake. Chini yake tukakuta tundu lisilozidi unene wa penseli, limeshindiliwa vumbi, kutu na manyoya ya njiwa. Mwenzangu alilizibua kwa waya, maji meusi yakatiririka karibu dakika nzima, na mvua ilikuwa haijanyesha kwa siku 9. Muda wote huo maji yalikuwa yamelala juu ya chuma. Kutu huvimba kuliko chuma ilichokila, na ikivimba ndani ya fremu inakibana kioo mpaka kinapasuka. Hata waya ulio ndani ya kioo hushika kutu kwenye ukingo uliokatwa, nao hukipasua kuanzia pembeni. Watu huulaumu uzee wa kioo, kumbe mkosaji ni maji yaliyokosa njia.

Kwa hiyo anza na daftari. Kwa majuma machache andikeni kila tone: mahali, saa, na hali ya hewa ya nje. Kisha fanyeni jaribio la bomba siku kavu. Mmoja awe juu kwenye jukwaa salama, mwingine chini na tochi. Mwagieni kiungo kimoja kwa dakika kumi hivi, mkianzia chini ya mteremko na kupanda taratibu. Mkianzia juu, maji yatashuka na kulowesha viungo vyote, nanyi hamtajua kipi kilichovuja.

Sasa pendekezo la mkandarasi. Kila milimita moja ya unene wa kioo ina uzito wa kilo 2.5 kwa mita ya mraba. Kioo cha milimita 6, tuseme ndicho mlicho nacho sasa, ni kilo 15. Akiweka cha milimita 6 juu, na chini laminati (vioo vilivyogandishwa pamoja kwa utando katikati) ya tabaka mbili za milimita 4, inakuwa kilo 35. Kwa paa la mita za mraba 200 mmeongeza tani 4 juu ya chuma chenye umri wa karne. Tena, paa linalozuia joto lisitoke huchelewa kuyeyusha theluji, hivyo penye theluji mzigo unazidi kukua. Asiguse kitu kabla mhandisi wa miundo hajapima chuma hicho, pamoja na nguzo na misingi. Ukumbi wa Grand Palais, Paris, ulifungwa mwaka 1993 baada ya kipande kuanguka kutoka paani, na sehemu ya tatizo ilikuwa ardhini: nguzo za mbao za msingi zilikuwa zimeoza baada ya maji ya chini ya ardhi kushuka.

Kwenu ningejaribu kwanza kuokoa fremu. Vioo vitolewe, chuma kisafishwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, vijifereji vifunguliwe, kisha kiwekwe kioo cha laminati cha tabaka mbili za milimita 3, kama hesabu za ukubwa wa vioo vyenu zitaruhusu. Uzito wake ni ule ule kilo 15, na kikipasuka vipande hushikwa na utando wa katikati. Jasho litabaki, ila litakuwa na njia, na madirisha ya juu yakifunguka litapungua. Kabla ya kukwangua rangi na puti kuukuu, pelekeni sampuli maabara kuangalia kama zina madini ya risasi au asbesto (nyuzi za madini zinazodhuru mapafu).

Silikoni inayonuka siki msiitumie: asidi yake hula chuma na kuharibu utando wa laminati. Na kiungo kiwe na upana wa kutosha. Joto likibadilika nyuzi 50, fremu ya alumini ya mita 3, kama anayoitaka mkandarasi, hurefuka karibu milimita 3.6, kioo milimita 1.4 tu. Mstari mwembamba wa silikoni hauwezi kuvutika kiasi hicho, huachia.

Kazi hii ni ya subira. Jumba la makumbusho la historia ya asili la Chuo Kikuu cha Oxford lilifungwa mwaka mzima wa 2013, vipande vya kioo 8,500 vikasafishwa kwa mkono na kuzibwa upya.

Wakati mnasubiri wapimaji, hamisheni meza zote zilizo chini ya vioo vyenye nyufa, mzungushe kamba, na mfunge wavu wa kudaka vipande. Hilo lifanyike leo.