Nataka kuacha kupaka dawa ya nywele saluni. Wateja wa zamani nitawaambiaje?

*Shikamoo Anti. Nina saluni ya viti vitatu na wasichana wawili wananisaidia. Kazi yetu kubwa siku hizi ni kusuka, kuosha na kutunza nywele za asili. Dawa ya kunyoosha bado imeandikwa kwenye orodha ukutani, ila wanaoitaka ni wateja wachache wa tangu zamani, na msichana wangu mmoja huchubuka vidole kila akiipaka. Mimi mwenyewe kazi hiyo imenichosha. Naogopa nikiifuta wale wa zamani wataona nawafukuza. – Mwenye Viti Vitatu*

Marahaba mwanangu. Wewe una wasiwasi na wateja, mimi nimekwama kwenye vidole vya huyo binti. Dawa ya kunyoosha ni kemikali kali, hata ile inayouzwa kwa jina la "isiyo na soda". pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, inazidi 12, wakati ngozi ya kichwa iko kwenye 5.5 hivi. Kinacholegeza unywele ndicho hicho hicho kinachochoma ngozi. Mnunulie glavu leo, na asiishike tena mpaka apone. Hilo halingoji uamuzi wako.

Sasa tuje kwenye orodha. Chukua daftari uandike kila kichwa cha dawa kinashika kiti kwa muda gani: kugawa nywele, kupaka mafuta ya kukinga, dawa yenyewe, kusuuza, shampoo ya kuua dawa, kusuuza tena, roli, drayer. Andika pia makopo yaliyofunguliwa yakakaukia rafuni. Ukiwa unasuka unaweza kupokea simu, kumkaribisha mgeni, hata kwenda msalani. Ukiwa na dawa kichwani mwa mtu huwezi kugeuka, maana dakika zikizidi zimezidi. Nadhani hesabu utakayoipata unaijua tayari, lakini iandike. Utaihitaji siku mteja wako wa kwanza kabisa atakapokushika mkono na kukubembeleza.

Kuna njia mbili za uoga ambazo wenye saluni wengi huzipenda, na mimi sizipendi hata kidogo. Ya kwanza ni kupandisha bei hadi watu wakimbie wenyewe. Ya pili ni kusema "dawa imeisha" kila mtu akija. Mteja si mtoto. Safari ya pili atajua unamkwepa, na akiondoka ataondoka pamoja na dada zake na mashoga zake wote wanaosukwa kwako.

Weka tarehe. Nywele huota kama sentimita moja na robo kwa mwezi, ndiyo maana wengi hurudia dawa kila baada ya wiki nane au kumi. Ukitoa taarifa ya miezi mitatu, kila mmoja anapata kurudia mara moja ya mwisho akiwa na habari kamili. Usibandike karatasi mlangoni ukadhani umemaliza, kwani wenyewe hawazidi vidole vya mikono yako. Mwambie kila mmoja akiwa ameketi: "Dada, kuanzia mwezi fulani hatutapaka dawa tena hapa. Kuosha, kusuka na kukata ninaendelea, na nywele zako sizitupi." Kisha nyamaza, umpe nafasi aulize.

Atakayetaka kuendelea na dawa, mtajie fundi unayemwamini na umwandikie kwenye karatasi ni dawa ya aina gani alipakwa, ya ukali gani na lini. Fundi mpya asiyejua hayo anapaka kwa kubahatisha.

Atakayekubali kuacha, hapo ndipo kazi ilipo, na ndipo utakapompata tena kama mteja. Pale nywele mpya za kujikunja zinapokutana na za zamani zilizonyooka pana udhaifu mkubwa, na ndipo zinapokatikia. Anahitaji mtu wa kumwongoza kwa miezi mingi: kuchana kwa upole zikiwa na maji na kondishena, twisti au mabutu yasiyovuta, kupunguza ncha kidogo kidogo kila anapokuja. Mwenye moyo atakata zote siku moja, mwingine atachukua mwaka na zaidi. Iandike huduma hiyo ukutani palepale ulipoifuta dawa.

Halafu yuko yule atakayesema, "Basi niweke kalikiti." Kataa. Dawa nyingi za kalikiti ni za thioglikoleti, kemikali ya aina nyingine, na hazipatani na nywele zilizokwisha kupakwa dawa ya kunyoosha. Zinaweza kukubakia kwenye taulo.

Najua utashawishika kuwatisha na saratani. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani waliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000 walieleza kwamba waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mji wa mimba zaidi ya wasiotumia: makadirio ya kufikia umri wa miaka 70 yalikuwa asilimia 4.05 dhidi ya 1.64. Ni uhusiano walioukuta, hawakuthibitisha kuwa dawa ndiyo chanzo. Akikuuliza, mweleze hivyo hivyo. Usiugeuze kuwa tangazo; vichwa hivyo umevipaka wewe hadi juzi.

Wasichana wako, kama unawalipa kwa kichwa, kaa nao kabla hujazungumza na mteja yeyote. Na makopo yaliyobaki usiwagawie wateja wakajipake nyumbani.

*Anti, mimi niliiacha dawa tangu mwaka jana. Kuna mama mmoja sasa anakuja na kopo lake mkononi, anasema anataka mkono wangu tu. Nimpake? – Msusi*

Usimpake. Hujui kopo hilo limefunguliwa lini, na kama ni la kuchanganya, likishachanganywa haliwekwi akiba. Kichwa kikiungua, hakuna atakayesema ni kopo la mama. Atasema ni saluni yako. Tena wa pili akisikia naye ataleta lake. Mwoshe, msuke, mpe chai kama mnaelewana, na kopo arudi nalo.