Jibu: WCCM au NAFEMS kwa mwanafunzi wa uzamili?

Mkuu, umeuliza uende mkutano wa WCCM au wa NAFEMS na kazi yako ya kuiga kwa kompyuta mkazo kwenye tangi la mafuta. Hizo ni dunia mbili.

WCCM, kongamano la dunia la umekanika (elimu ya nguvu na mwendo) kwa kompyuta, ni ya wanazuoni. Inaandaliwa na IACM, chama cha kimataifa cha fani hiyo, kila baada ya miaka miwili. Ya 2024 ilikuwa Vancouver. Vikao vidogo vinaendeshwa sambamba kwenye kumbi kibao, unapewa dakika chache tu, na mtu wa nyuma atakuuliza mlinganyo wako umetoka wapi. NAFEMS, jumuiya ya wahandisi wa uigaji kwa kompyuta iliyoanzia Uingereza 1983, imejaa watu wa viwandani. Huko hawahangaiki sana na nadharia. Watataka kujua: ulipopunguza ukubwa wa elementi (vipande vidogo unavyoligawa tangi kwenye kompyuta), mkazo pale kwenye kiungio cha bomba ulitulia au uliendelea kupanda? Ulilinganisha na kipimo cha tangi halisi? Kama huna majibu hayo, usiende kabisa, utaumbuka.

Kwa kazi yako, mimi ningeanza na SEMC, mkutano wa uhandisi wa miundo, umekanika na ukokotoaji unaofanyika Cape Town, Afrika Kusini. Ipo tangu 2001, huja kila baada ya miaka mitatu, inagusa miundo na umekanika pamoja, na kwa pasipoti ya Tanzania ziara fupi haidaiwi viza. Viza ya Schengen, ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, usumbufu wake unaujua mwenyewe.

Ikisiri (muhtasari wa kazi yako) itume mapema, maana dirisha hufungwa miezi mingi kabla ya mkutano. Na waandikie waandaaji kuhusu punguzo la wanafunzi kabla hujalipa.