Maswali ya DNS: mnahamisha ovyo, halafu mnashangaa

Tovuti yangu iko klaudi ya Amazon, ni lazima nitumie Route 53, huduma yao ya DNS?

Si lazima. DNS haijali seva yako imelala wapi, kazi yake ni kujibu jina fulani liko IP gani (namba ya anwani ya seva), basi. Utakapokwama ni kwenye domeini tupu, ile isiyo na www, ukitaka iende kwa lodi balansa (kifaa kinachogawa wageni kwa seva kadhaa), maana CNAME, rekodi ya kuelekeza jina kwa jina jingine, hairuhusiwi kukaa pale na IP za lodi balansa hubadilikabadilika. Route 53 wana rekodi ya alias inayofanya kazi hiyo, Cloudflare, kampuni nyingine ya DNS, nao wana njia yao, kwa hiyo ulizia hilo kwanza kabla hujatoa hela.

Huduma ya DNS ya bure inatosha?

Kwa tovuti ndogo inatosha. Ila washa uthibitisho wa hatua mbili leo leo, anayeteka DNS yako ameteka na barua pepe zako.

Nimehamisha DNS jana, mbona wengine bado wanaona tovuti ya zamani?

Jamani, hili nimelijibu mara ngapi! Rekodi za NS, zinazosema nani anajibu DNS ya domeini, kwa .com registri (msimamizi wa .com) inazitoa na TTL, muda wa jibu kuhifadhiwa, wa sekunde 172800, siku mbili kamili, na wewe huwezi kuipunguza. Kwa hiyo zoni ya zamani, yaani orodha ya rekodi zako kwa mtoa huduma wa zamani, usiifute, iache ijibu vilevile kama mpya mpaka siku hizo ziishe. Kama uliwasha DNSSEC, saini za usalama za DNS, ondoa kwanza DS, rekodi ya saini hizo iliyoko registri, usubiri siku nzima ndo uhame, la sivyo domeini inakufa kwa watu wengi. Na nakili rekodi ZOTE. Mteja mmoja alinipigia usiku, tovuti inafunguka vizuri tu ila barua pepe hazijaingia tangu asubuhi, nafungua zoni mpya nakuta rekodi mbili, A (ya IP ya tovuti) na www, MX (ya barua pepe) hakuna.

Kuna haja ya kuwa na watoa huduma wawili wa DNS?

Kama tovuti ndo inakulisha, ndiyo, nimelisema sana na nitalisema tena. Tarehe 21 Oktoba 2016 Dyn, kampuni ya DNS, walishambuliwa na Mirai, jeshi la kamera na ruta zilizotekwa, na watu wengi wakashindwa kufungua Twitter, Spotify na Reddit ilhali seva za huko zilikuwa nzima, majina tu ndo hayakuwa na wa kuyajibu. Weka NS za kampuni mbili sasa hivi, maana ukingoja siku ya msiba ndo ubadilishe, utazisubiri zile siku mbili za TTL. Rekodi ziingizwe kote kuwili na skripti moja, usiziandike kwa mkono, na kumbuka alias ya kampuni moja haihamishiki kwa nyingine.