Nani anahesabu siku za hatari? Maswali yenu juu ya état de siège (hali ya hatari anayotangaza Rais, jeshi likipewa utawala wa mkoa)

Mama wa Beni: Kaka yangu yuko kasho (mahabusu) siku ya nne kwa deni la dola 200. OPJ (polisi mpelelezi) anasema kwenye état de siège haki zote zimesimama. Ni kweli?

Si kweli, mama, na kwa deni ndiyo kabisa. Kifungu cha 61 cha Katiba ya Kongo (RDC) ya 2006 kinataja mambo saba yasiyoguswa hata nchi ikiwa kwenye hali hiyo: uhai, marufuku ya mateso, marufuku ya utumwa, kutoadhibiwa kwa kosa lisilo kwenye sheria, haki ya kujitetea na kukata rufaa, kutofungwa kwa deni, na uhuru wa mawazo, dhamiri na dini. Deni limo, limetajwa wazi.

Hapo ndipo ujanja huingia: neno “deni” halionekani kwenye pevee (karatasi ya maelezo ya polisi), panaandikwa “utapeli”. Kaka yako asitie sahihi kabla hajasomewa yote kwa lugha anayoisikia, na aandikishe kwamba anadaiwa tu. Karatasi ya mkopo ikiwepo, ipelekeni. Andikeni pia siku na saa aliyokamatwa, maana kifungu cha 18 kinaruhusu saa 48, kisha aachiwe au apelekwe mbele ya sheria. Angalia lakini: saa 48 hazimo kwenye yale mambo saba. Mtu akikwambia amri ya état de siège imezifuta, mwombe akuonyeshe amri yenyewe na mstari wenyewe. Na hata kesi ikienda mahakama ya kijeshi, kifungu cha 156 kinakataza kufuta rufaa.

Kijana wa Butembo: Nani anaamua hatari imekwisha?

Rais hutangaza (kifungu cha 85) baada ya kushauriana na Waziri Mkuu na maspika wa Bunge na Seneti. Anapewa siku 30. Zikiisha, amri inakufa yenyewe, isipokuwa mabaraza yote mawili yakubali kuongeza siku 15, kisha 15 tena. Kwa mikoa ya Kivu Kaskazini na Ituri hesabu ilianza 6 Mei 2021, kwa hiyo siku ya 30 ilikuwa 4 Juni. Mwaka mmoja una vipindi 24 vya siku 15, na état de siège hiyo imevuka miaka.

Kwenye karatasi, hii breki ni nzuri sana. Inaharibika kwa sababu kura ya ishirini haipigwi kama ya kwanza. Ya kwanza huulizwa “kwa nini?”, ya ishirini huulizwa “akidi imetimia?” Wanaopiga kura wako Kinshasa, na anayesimamishwa barabarani usiku yuko Beni.

Mwanafunzi wa Bukavu: Roma ya kale walikuwa na dikteta kisheria?

Ndiyo. Konsuli alimteua, hakujiteua mwenyewe, na muda wake haukupita miezi 6. Jenerali Sulla, mwaka 82 kabla ya Kristo, alipewa bila ukomo. Kaisari, mwaka 44, akaupata wa maisha. Cheo hakikubadilika jina, kilichoondolewa ni tarehe tu. Carl Schmitt, mwanasheria Mjerumani, aliandika mwaka 1922 kwamba mwenye enzi ni yule anayeamua juu ya hali ya pekee, yaani lini sheria za kawaida zisimame. Mimi namwona alieleza nusu: uliza pia nani anaimaliza.

Swali lingine: Krizi maana yake nini hasa?

Kwa Kigiriki, *krisis* ni uamuzi. Waganga wao waliita hivyo saa ambayo mgonjwa anageukia kupona au kufa. Krizi ya miaka thelathini, basi, si krizi. Ni utawala.

Baba wa Himbi, Goma: Tangu Januari 2025 waasi wa M23 wanashika mji. Nikitii, nimewakubali?

Mwanafalsafa Mwingereza Hobbes (1651) anasema utii unadumu muda ule mtawala anapoweza kukulinda. Ukimfuata yeye, anayelinda leo ndiye wa kutiiwa leo. Mwanafalsafa Rousseau (1762) anamkatalia: jambazi akikuelekezea bastola porini unampa mfuko, lakini bastola haimpi haki juu ya mfuko huo. Kwa swali lako namfuata wa pili. Kulipa kodi ya soko ili mama auze nyanya zake si kura.

Na aliyeshika bunduki ana deni, hata bila kutambuliwa na yeyote: kifungu cha 3 cha Mikataba ya Geneva ya 1949 kinafunga pande zote za vita vya ndani. Hakuna kuua raia, kutesa, kushika mateka, wala kuhukumu bila mahakama halali.